Maumivu ya Daraja la Mwasha

Lori la saruji lilikuwa bado upande wa Mfuruni, halijakata hata kona, wakati daraja lilipojikaza.

Aikande alilisikia kwa shavu. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya tumbo la daraja, ile njia nyembamba inayopita chini ya lami toka ukingo hadi ukingo, ambamo mtu mzima huingia ameinama na kutoka ana vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Kupitia tundu la kutolea maji aliliona korongo lote chini yake: migomba midogo kama miche ya mchicha, na kijito cha Mwasha kiking'aa kule chini kama waya uliotupwa. Zege alilolalia lilikuwa na uvuguvugu, kama kawaida yake asubuhi. Kisha likawa gumu. Zege ni gumu siku zote, atasema mtu, lakini anayesema hivyo hajawahi kulala juu ya daraja la Mwasha.

Akatazama kishikwambi. Mistari ya nguzo ya tatu ilikuwa imepanda yote kwa pamoja, na lori ndiyo kwanza linachomoza kwenye kona. Likaja, likapita juu ya mgongo wake likishindilia, na ndani ya nguzo ukatoka mguno mzito, mguno wa mtu anayegeuzwa kitandani na watu wasiojua kidonda kiko upande gani. Lori likaenda zake. Daraja likakaa kidogo, halafu likalegea taratibu, kama ngumi ya mtu anayepitiwa na usingizi.

Jambo hili alikwisha kuliona mahali pengine. Aliliona kwenye zahanati, siku alipompeleka mwanawe kuchomwa sindano: pamba ya spiriti haijagusa paja, paja limeshakuwa jiwe.

Daraja lilikuwa linaogopa malori.

* * *

Walisha daraja walikuwa wawili, Kiwia na Mkunde. Kiwia alikuwa mzee wa Kyalia, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Mkunde alikuwa mama wa Mfuruni, upande wa pili, na ulimi wake ulikuwa hauna breki. Kila asubuhi walipita na gari lao dogo la matangi wakimimina uji kwenye midomo ya nguzo. Uji wenyewe ni maji ya chokaa yaliyokorogwa na molasi. Vijidudu vilivyolala ndani ya zege tangu lilipomwagwa huamka vikinusa uji, hula, hutapika chokaa, na ufa huzibika wenyewe kama kidonda cha goti la mtoto. Ndiyo maana likaitwa zege hai, ndiyo maana nchi nzima ikajengewa barabara za juu kwa juu, na makorongo ya mlimani yakavukwa kwa dakika badala ya nusu siku.

Kiwia alikuwa na tabia ya kulibembeleza daraja. Kunywa, mzee, huliambia, kunywa, bado kidogo. Mkunde hakuiacha nafasi hiyo impite. Alimwambia Aikande, Kiwia mwenyewe akisikia, kwamba huyu bwana ana miaka thelathini kwenye ndoa na mkewe akiugua malaria humwambia tu awahi kuchemsha maji ya kuoga. Kiwia akajibu bila kugeuka kwamba mkewe habebi malori.

Aikande alipotoka tumboni aliwauliza kama wameona chochote kipya. Wakatazamana. Mkunde akasema siku hizi uji hauingii kama zamani. Lori likiwa linakuja, midomo hujifunga yenyewe, mtu anabaki ameshika mpira kama mjinga. Kiwia alishusha kofia yake akaifuta kwa kiganja, na Aikande akajua mzee huyu alikwisha kuona yote haya kabla yake, ila alikuwa hataki kuwa wa kwanza kuyatamka.

Hapa lazima tueleze kidogo. Madaraja ya kwanza ya zege hai hayakuwa na uchungu. Yalikuwa na mishipa, nyuzi nyembamba nyeusi zilizofumwa ndani ya zege, na ubongo uliofungiwa kwenye msingi wa nguzo, na mishipa iliupelekea ubongo namba. Ufa huku, namba. Ufa kule, namba. Ubongo ukawa unapanga namba zake vizuri sana, na madaraja mawili yakaanguka huku ubongo bado unapanga. Wataalamu wakakaa, wakaona kosa liko wapi. Namba inaweza kungoja. Uchungu haungoji. Wakaufundisha ubongo kuuchukia ufa, wakaupa kitu ambacho usingeweza kukaa nacho bila kukikimbilia, na tangu hapo hakuna daraja lililoanguka. Kitu hicho wakakiita hisi. Kilikuwa na viwango kumi. Daraja la Mwasha lilikuwa kwenye nne, na aliyeliweka kwenye nne, miaka ile bado msichana mwenye vyeti vipya, alikuwa Aikande.

* * *

Lukelo alipiga simu mchana kutoka makao makuu. Alikuwa mkubwa wake wa kazi, mtu wa Iringa, mpole, na hakuwahi kumwita Aikande kwa cheo hata siku moja. Alimwita mdogo wangu, naye akamwita kaka.

Kaka akaeleza. Barabara ya chini imekatwa na maporomoko, na haitapitika kabla ya mvua. Mbolea yote ya ukanda ule, mafuta, mashine za umeme, vyote vitapita Mwasha. Daraja kwenye nne halitahimili. Litapasuka haraka kuliko linavyojiziba. Walikwisha kupiga hesabu. Alitakiwa apandishe hisi hadi saba, na apandishe leo kabla ya jua kuzama, kwa sababu msafara wa kwanza unaingia kesho.

Aikande akamwambia kwamba daraja limeanza kujikaza kabla malori hayajafika. Kaka Lukelo akasema hata mbwa huamka kabla mgeni hajabisha, na wala hatusemi mbwa anaumwa.

"Na midomo inajifunga, kaka."

"Ni mashine, mdogo wangu." Akavuta pumzi. "Na kama siyo mashine, basi ni mmoja. Watu wa huko ni wangapi?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomsumbua Aikande baada ya simu kukatika, kwamba hakukuwa na ubaya wa kushikilia. Mambo yalikuwa matatu tu. Akiacha nne, daraja litafungwa kabla ya masika kwisha. Akipandisha saba, litabeba kila kitu miaka kumi mingine, na kila gurudumu litakalopita litakuwa sindano. Akizima kabisa, na mhandisi wa zamu kama yeye ana ruhusa ya kuzima, daraja halitasikia tena kitu chochote, wala halitajua pa kujiziba. Na kulifundisha upya ni kazi ya kiangazi kizima. Hakuna aliyewahi kuzima daraja ambalo bado linapitika.

* * *

Alikwenda kula kwa shangazi yake, Ndeshiwonyo, upande wa Kyalia. Ndiye aliyemlea. Alimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, mguu mmoja mbovu ameunyoosha juu ya kigoda, na akamwamkia, akapokea kisu, akaanza kumenya pamoja naye. Akamweleza yote.

Shangazi alisikiliza kama anavyosikiliza tangazo la redio. Kila mtu Kyalia alijua habari zake na lile korongo. Kabla ya daraja, mumewe alishikwa na tumbo siku ya mvua, vijana wakambeba kwenye benchi, wakateremka naye kwa njia ya utelezi mpaka kijitoni. Hawakupanda naye upande wa pili. Benchi lile bado lilikuwa barazani, na watu walilikalia, kwa sababu benchi ni benchi.

Aikande akamwuliza angefanya nini.

"Mimi nataka daraja libaki," shangazi akasema. "Usiniulize mimi, mwanangu. Nitakudanganya."

Akaendelea kumenya. Baadaye kidogo, pasipo kuulizwa, akasema kwamba usiku wa juzi alilisikia likiguna mpaka chumbani kwake, na kwamba alijikuta anasema pole, na halafu akaona haya, kama mtu aliyemsalimia mgeni kumbe ni koti lililotundikwa.

* * *

Habari haikai. Kiwia alikuwa amesikia simu, au amekisia, na jioni jua likiwa bado liko juu Aikande alikuta watu wamejaa kwenye ukingo wa daraja, wa Kyalia na wa Mfuruni, baadhi wamevaa kama wanakwenda ibada. Walikuwa wamesimamisha magari pande zote mbili. Mbele yao alikuwa Kiwia, amevua kofia, na mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Asiyejua aelezwe. Kwetu huku mlimani, mtu aliyekukosea akikuletea isale, huna njia ya kukataa. Hata kama ni damu iliyomwagika. Waweza kulia, waweza kukaa kimya mpaka giza liingie, lakini jani likishawekwa mbele yako umesamehe, na atakayekiuka hilo hakuna atakayemzika. Ndivyo koo zilivyoishi pamoja kwenye vihamba, yale mashamba madogo ya ukoo, bila kumalizana.

Kiwia akaliongelea daraja kwa sauti yake ya kanisani. Alisema limewabeba bila kunung'unika. Alisema kesho litabebeshwa kuliko haki, na litasikia maumivu kuliko haki, na kwamba si kwa chuki, ni kwa shida. Wanaliomba liwasamehe. Akainama kuliweka jani kwenye mguu wa ukingo wa zege, na wanawake wakaitikia kwa mguno wa chini, na Aikande akahisi kitu kinamlegea kifuani. Alitaka liwekwe. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kishikwambi, kwenye saba. Jani likishagusa zege atabonyeza, na jambo litakuwa limekwisha kwa heshima.

Bodaboda ikapenya katikati ya watu. Shangazi Ndeshiwonyo alikuwa nyuma yake, amekaa upande, mguu mbovu umetangulia kama mkuki, na watu wakaruka kuupisha. Alishuka kwa taabu, akamkatalia kijana wa bodaboda mkono wake, akasimama mbele ya Kiwia.

"Kiwia, ninyanyulie hilo jani."

Kiwia akabaki ameinama. Akamwuliza kwa upole kama yeye, kati ya watu wote, hataki daraja lisamehe.

"Isale linaletwa na mtu aliyekwisha kuweka fimbo chini," shangazi akasema. "Wewe umelileta kwa mkono huu, na mkono wa pili umeshika fimbo. Nani alikufundisha hivyo?"

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja kutoka nyuma, kwa heshima, alimkumbusha shangazi habari ya mumewe, kwamba lingekuwapo daraja siku ile asingekufa kijitoni. Shangazi aligeuka kumtafuta aliyesema, akamwona, na uso wake haukuwa na hasira.

"Ningeliomba," akasema. "Ningelipigia magoti linivushie mume wangu, na hata leo ningeliomba. Lakini ningeliomba likiwa na uwezo wa kuninyima. Hili mnaloliletea jani haliwezi hata kukimbia."

Kiwia akainuka na jani lake. Hakulitupa, alilitia mfuko wa shati, karibu na moyo, kama mtu aliyeambiwa arudi kesho.

Watu wote wakawa wanamtazama Aikande sasa, kwa sababu fimbo ilikuwa kwake.

Alikaa chini pale pale kwenye lami, akaweka kiganja kimoja juu ya zege. Kulikuwa na lori limesimama upande wa Mfuruni, injini inanguruma likisubiri, na zege lilikuwa limejikaza kwa ajili yake muda wote huo, tangu watu walipoanza kuhutubu. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Walikuwa wanaliombea likiwa limeshika pumzi.

Alishuka kutoka nne hadi tatu, kisha mbili. Mkunde aliyekuwa karibu akaona, akamwinamia, na safari hii ulimi wake ulikuwa laini. Akamnong'oneza kwamba akilizima, nyufa nani atazijua.

"Sisi," Aikande akasema.

"Sisi nani?"

"Sisi tunaopita."

Akafika sifuri. Kishikwambi kikamwuliza kama ana hakika, kikamwuliza tena, akajibu mara zote mbili. Chini ya kiganja chake ule mkazo ukaondoka, si taratibu kama siku zote bali mara moja, kama mtu anapoachia kamba. Mguno ulioishi ndani ya nguzo kwa miaka, ambao watu walikuwa wameuzoea mpaka hawausikii, ukakoma. Hapo ndipo walipousikia. Toka chini kabisa ikapanda sauti ya kijito, ndogo, safi, na mama mmoja wa makamo akasema kwamba tangu daraja lijengwe hajawahi kusikia maji ya Mwasha akiwa huku juu.

Kaka Lukelo alipiga dakika ile ile. Aikande alimweleza alichofanya. Alitegemea ukali, na ukali ungemsaidia. Kaka akamwambia tu kwamba atakuja mwenyewe, na kwamba mpaka atakapofika hakuna mzigo mzito wa kupita, hata mmoja, na mtu akifa hapo itakuwa juu ya Aikande. Kisha, kabla ya kukata, akauliza kwa sauti ya chini limefanya nini lilipozimwa. Akamwambia limelegea. Kaka akasema sawa.

* * *

Lori lililokuwa linasubiri lilikuwa la vitunguu. Dereva wake, Mwinjuma, mtu wa Tanga, mnene, kanga ya mkewe ameizungusha shingoni kuzuia jasho, alishuka na kuja kwa miguu kuuliza anangoja nini. Akaambiwa. Akalitazama daraja toka mwanzo hadi mwisho, akawatazama watu.

"Dada, hili ni daraja au ni mgonjwa wa wodi namba tatu?"

Aikande akamwambia lori tupu litapita, ila si lenye mzigo. Mwinjuma akacheka, akangoja wengine wacheke, wakakataa. Akasema vitunguu havijui kutembea. Akasema vitaoza, na yeye ataoza pamoja navyo, na mwenye mali atakuja kuwazika wote wawili kwenye shimo moja. Akaendelea hivyo kwa muda, na alikuwa na haki, na hakuna aliyembishia.

Ni Kiwia aliyekwenda nyuma ya lori. Alifungua kamba bila kuomba ruhusa, akaegemeza mgongo, akasubiri. Kijana wa bodaboda akapanda juu akamshushia gunia. Mzee akayumba, akatengemaa, akaanza kutembea kuvuka daraja na vitunguu mgongoni. Mwinjuma akamkimbilia kumwambia aache, atavunjika kiuno, halafu akarudi mwenyewe akabeba la pili, akitukana kwa Kizigua. Kisha wakawa kumi, kisha hawakuhesabika. Wa Kyalia walibeba, wa Mfuruni walibeba, akina mama wakiwa na nguo zao za ibada. Shangazi, kwa kuwa mguu haukumruhusu, alikaa upande wa pili akipanga magunia kwa fimbo yake na kuwakaripia walioyatupa.

Mwinjuma akalivusha lori tupu kwa gia ya kwanza, kichwa nje ya dirisha, kama mtu anayepita msibani.

Aikande alibeba mara mbili. Mara ya tatu, katikati ya daraja, ilimbidi apumzike, akatua gunia, akasimama akihema. Miguu yake ilikuwa inangoja mtetemo uliozoeleka, ule wa kumwambia wapi pako vibaya. Haukuja. Lilikuwa zege tu. Hofu ikamwingia wakati huo, hofu hasa, ya mtu aliyechukua jukumu na sasa ndipo anauona ukubwa wake. Watu walikuwa wanapita pembeni yake na mizigo, na mbele kulikuwa na masika.

Akapiga magoti. Akaanza kutazama, shavu karibu na lami, kidole kikipita polepole juu ya ukingo, shibiri kwa shibiri. Alikwenda hivyo kwa muda mrefu bila kuona kitu. Kisha ukucha wake ukakwama. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, mrefu kama kidole gumba, mpya, pembeni kabisa mwa njia ambayo lori lilikuwa limepita. Hakuna aliyemwambia uko pale. Daraja lenyewe halikujua.

Alimwita Mkunde alete mpira wa uji, akakaa kuuzuia ufa kwa kiganja mpaka afike, kama mtu anavyofunika jicho la mtoto kukiwa na vumbi.

"Pole," akaliambia, ingawa alijua kwamba safari hii halikuumia.

Kisha akasogea mbele kidogo kwa magoti, akatafuta mwingine.